Meli Juu ya Meza ya Mninga

Nathanaeli Chidawali alikuwa mkaguzi wa nyama. Kwa muda wote wa utumishi wake alisimama machinjioni na koti jeupe, buti za mpira na kisu kifupi, akipasua maini na mapafu ya ng'ombe wa watu na kuamua kipi kiende buchani na kipi kifukiwe. Wachinjaji hawakumpenda, na yeye hakutaka wampende. Mtu akija kumbembeleza, alimwacha aseme mpaka achoke, halafu aligeuka na kuwaambia watu wa shimo neno moja tu: "Fukieni."

Tabia hiyo aliibeba hadi ukweni. Mwaka aliofariki mama mzazi wa mke wake, Priska, msiba ulikuwa Bahi, nyumbani kwa Cornel, kaka mkubwa wa Priska. Cornel alichinja dume kubwa kuliko yote zizini ili waombolezaji wale. Nathanaeli alikuwa amekaa chini ya turubai na wanaume wengine. Alipoona ng'ombe anachunwa, aliinuka akaenda kuangalia. Hakuna aliyemtuma. Alipasua mapafu, akakuta vinundu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na pale pale, mbele ya wazee na mchungaji, jeneza likiwa bado ndani, akatangaza kwa sauti yake ya kazini kwamba nyama ile hailiwi. Akaagiza shimo. Akaagiza mafuta ya taa, akayamwaga mwenyewe juu ya nyama yote, asije akatokea mtu wa kuifukua.

Siku hiyo watu walikula ugali na mlenda, wakazika, wakaondoka wakinong'ona. Tangu hapo kule Bahi jina lake likawa Mafuta ya Taa. Cornel hakumsemesha tena, isipokuwa salamu ya kulazimishwa wanapokutana harusini. Priska aliendelea kumpikia na kumfulia, lakini maongezi yao yakabaki kuwa ya chumvi, mkaa na sare za shule za Erica, binti yao wa pekee. Erica naye akakua, akaolewa Singida. Nathanaeli alipostaafu, wakabaki watu wawili katika nyumba yao ya Nzuguni, mjini Dodoma, redio ikiongea kwa niaba yao.

Siku moja alisikia kwamba mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akikaa Area D anarudi kwao na anauza vitu vyake nje ya geti. Nathanaeli alikwenda kutafuta toroli. Toroli alikuta limeshachukuliwa. Alirudi na boksi refu, ambalo Mzungu alimwongezea baada ya kununua msumeno na jeki.

Priska alikuwa anachambua mchele barazani.

"Umefuata toroli, umeleta nini?"

"Meli."

"Meli gani?"

"Ya kutengeneza. Imo humu ndani, vipande vipande."

Priska alisimamisha ungo. "Baba Erica, wewe meli umeipanda lini?"

"Kwani lazima niipande?"

Aliingia sebuleni, akalifungua boksi juu ya meza.

Meza ile inabidi ielezwe. Ilikuwa ya mninga, ya watu wanane, na Priska aliipata kwa kufuga kuku wa mayai miaka mingi, hakuna aliyemsaidia. Umoja wa wanawake wa kanisani, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wake, ulikutana kwa zamu kwenye nyumba za wanachama, na zamu ya Priska ilisubiriwa kwa hamu kwa sababu ya meza hiyo. Wanawake walikaa kuizunguka, vikombe vya chai mbele yao, wakajiona watu. Sasa juu yake vilimwagwa vifurushi vya vijiti vilivyofungwa kwa mipira, misumari midogo ya shaba kama sindano zilizokatwa, uzi wa rangi mbili, mbao nyembamba zilizochongwa tayari, na michoro mikubwa iliyokunjuliwa ikawa kama shuka. Juu ya boksi palikuwa na picha ya meli ya zamani ya milingoti mitatu. Maelezo yaliandikwa kwa lugha ambayo Nathanaeli hakuijua hata herufi zake nyingine, kwa hiyo alifuata michoro.

"Utaitoa lini?" Priska aliuliza jioni hiyo.

"Ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Nitajuaje? Ndiyo kwanza naanza."

Hakuwa fundi. Vidole vyake vilizoea kukata, si kuunga. Ubao wa kwanza, ule mrefu wa chini ambao meli nzima huukalia, aliuelewa mara moja kwa sababu ulikuwa uti wa mgongo. Na zile mbao zilizochongwa kama nusu mwezi, zilizoingia kwenye mapengo ya uti, zilikuwa mbavu. Mbavu alizijua. Lakini alizigandisha nne kinyume, na gundi ilipokauka hazikutoka ila kwa kuzivunja na kuziunga upya. Alitukana. Alitukana kiasi kwamba jirani, mama mmoja wa Kondoa aitwaye Shamimu, alipaza sauti ukutani kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Kuna mgonjwa," Priska alijibu kutoka jikoni. "Ila hana dawa."

Mambo yaliharibika zaidi ulipofika wakati wa kuivalisha meli ngozi yake. Zile mbavu zilitakiwa kufunikwa kwa vipande virefu vyembamba, kimoja kimoja, vikipinda kufuata tumbo la meli. Kijiti kikavu hakipindi, kinavunjika. Lazima kilowekwe. Huo ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali, maji ya bomba yalikuwa yanakuja kwa mgao, siku nyingine hayaji kabisa, na Priska aliyahifadhi kwenye madumu kama mtu anavyohifadhi mbegu. Asubuhi moja alikwenda kuchukua sufuria yake kubwa ya ugali, akaikuta imejaa maji, na ndani yake vijiti vinaelea.

Alibeba sufuria ile hadi sebuleni, akasimama nayo mbele ya mume wake.

"Haya ni maji ya kunywa."

"Nitayarudisha kwenye dumu. Ni safi."

"Utanywa wewe?"

"Nitakunywa."

"Kunywa sasa hivi. Nikuone."

Nathanaeli alimtazama. Alitoa vijiti kimoja kimoja, akavipanga juu ya gazeti, akainua sufuria kwa mikono miwili, akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya mbao na ya kitu kama dawa ya viatu. Alikunywa hadi akakohoa, akaweka sufuria chini, akajifuta mdomo. Priska hakucheka. Aliichukua sufuria, akayamwaga yaliyobaki kwenye mchicha wake nje.

Ukimuuliza Nathanaeli kwa nini alikuwa anaifanya kazi ile, asingekujibu. Si kwamba aliipenda bahari. Bahari aliiona mara moja tu akiwa kwenye semina Tanga, akaona ni maji mengi yenye harufu ya samaki. Ila maisha yake yote, kila kitu alichokishika kilikuwa kinapungua mikononi mwake. Ng'ombe aliingia mzima akatoka vipande. Hiki kilikuja vipande na kila wiki kilikuwa kinaongezeka. Jambo hilo lilimpendeza kwa namna ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia, lilimfanya awe mkali zaidi. Mtu akikaribia meza, alinguruma.

Mvua zilipopungua, Cornel akaja. Alikuwa na mtoto wa jicho, amefanyiwa upasuaji hospitali ya mjini, na daktari alitaka arudi kuangaliwa kila baada ya siku chache. Kutoka Bahi kila mara ni mbali kwa mtu mwenye jicho lililofungwa. Priska hakumuuliza mumewe. Alimtandikia kaka yake kitanda katika chumba cha Erica, na Nathanaeli aliporudi kutoka dukani alimkuta Cornel kwenye kiti chake, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta, lile jingine linaitazama meli.

"Shemeji," alisema Nathanaeli.

"Shemeji," alijibu Cornel.

Salamu ilikuwa hiyo tu. Jioni chakula kililiwa magotini, kwa kuwa meza haikuwa na nafasi. Cornel alisokota tonge la ugali akalitazama, akamwambia dada yake, kana kwamba mwenye nyumba hayupo, "Kumbe mjini mnakula kama watu waliohamishwa na mafuriko."

"Muulize shemeji yako," Priska alisema.

"Mimi simuulizi kitu. Nikimuuliza atanichimbia shimo."

Nathanaeli aliendelea kutafuna.

Wiki zile mbili zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Cornel alikaa sebuleni mchana kutwa kwa sababu jua la nje lilimuumiza jicho. Nathanaeli naye alikaa sebuleni mchana kutwa kwa sababu ya meli. Mmoja aliunga vijiti, mwingine alisikiliza redio kwa sauti ya juu kupita kiasi. Nathanaeli akipunguza sauti, Cornel aliipandisha. Meli wakati huo ilikuwa imefunikwa tumbo lote, na Nathanaeli alikuwa anaanza sakafu ya juu, iliyotengenezwa kwa vijiti vyeupe vyembamba kuliko vyote, virefu kama kiganja.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alihisi vijiti vyeupe vimepungua. Alivitafuta chini ya michoro, chini ya meza. Alipoinua kichwa, alimwona Cornel ameegemea kiti, amefumba jicho lake zima, anachokonoa meno kwa raha.

"Shemeji, hicho ni nini mdomoni?"

Cornel alikitoa, akakitazama. "Kijiti."

"Hicho ni sakafu."

"Sakafu ya nini?"

"Ya meli!"

Cornel alikitazama tena kijiti, ncha yake imetafunwa ikawa kama mswaki. "Mimi nilidhani umeviweka kwa ajili ya wageni," alisema. "Nikasema angalau kuna kitu kimoja shemeji amewawekea wageni."

"Umevitumia vingapi?"

"Nakula mara tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe."

Hapo Nathanaeli alisema neno ambalo alikuwa nalo moyoni muda mrefu. Alisema, "Ninyi kazi yenu ni kula. Msibani kwa mama yenu mngekula hata ile iliyooza."

Redio ilikuwa inaongea. Priska alikuwa mlangoni na sahani chafu mikononi. Cornel aliinuka polepole, na kwa jinsi alivyokuwa amefungwa jicho alikosea umbali, akagonga ukingo wa meza kwa paja. Meli ilitikisika juu ya kibao chake. Nathanaeli aliruka kuishika, akaishika meli kwanza, kabla ya kumtazama mtu aliyegonga. Wote wawili waliliona hilo, kaka na dada.

"Cornel haondoki," Priska alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Atakaa mpaka daktari amruhusu. Itakayoondoka ni hiyo meli."

Nathanaeli alitoka, akarudi na kufuli na vyuma vyake, akavifunga kwenye mlango wa sebule kwa skrubu. Kuanzia siku hiyo sebule ikawa yake peke yake. Aliingia akajifungia, akitoka alifunga kufuli na kutia ufunguo shingoni kwa kamba. Wengine walipita mlango wa jikoni. Zamu ya Priska ya umoja wa wanawake ilipofika, wanawake walikaa kwenye viti vya plastiki uani, kuku wakipita miguuni, na hakuna aliyeuliza, jambo ambalo lilimuuma Priska kuliko kama wangeuliza. Shamimu, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuhusika na umoja ule, alileta birika lake la pili la chai bila kuombwa, akaliweka, akaondoka.

Cornel aliruhusiwa na daktari, akarudi Bahi. Kufuli lilibaki.

Ndani ya sebule, Nathanaeli aliziba mapengo ya sakafu kwa vijiti vya mishikaki alivyovipasua kwa wembe. Rangi haikufanana na ile ya mwanzo. Kiangazi kiliporudi, mbao zilizolowekwa zikasinyaa kwa ukame, na tumbo la meli likafunguka nyufa ambazo ungeweza kupitisha ukucha. Alizijaza kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, zikafunguka tena, akajaza tena. Alisimamisha milingoti. Alifunga nyuzi, mamia ya mafundo madogo, kwa koleo aliloazima kwa fundi saa. Ilipokwisha haikuwa nzuri kama picha ya kwenye boksi. Upande mmoja ulikuwa umevimba kidogo. Lakini ilisimama, nyuzi zake zimekazwa, na ukiitazama kwa mbele ilionekana kama inaelekea mahali. Nathanaeli alikaa nayo siku nzima mlango ukiwa umefungwa. Alitamani mtu aione. Hakumwita mtu.

Jumapili ya mavuno iliyofuata, Priska alimwambia atangulie kanisani, yeye angekuja na sadaka yake pamoja na akina mama. Nathanaeli alivaa suti yake ya kahawia akaenda, akakaa benchi la pili kutoka mbele, ufunguo wake shingoni ndani ya shati.

Watu wa Dodoma wanajua ibada ya mavuno inavyokuwa. Akina mama waliingia wakiimba, wakicheza taratibu hadi madhabahuni, na vikapu vichwani: uwele, mtama, karanga, zabibu, majogoo waliofungwa miguu. Nathanaeli alikuwa anapiga makofi na wengine. Kisha vigelegele vikapanda kutoka nyuma, watu wakageuza shingo, naye akageuka. Wanawake wawili walikuwa wamebeba sinia kubwa lililofunikwa kitenge kipya, na juu yake ilisimama meli. Priska alikuwa mbele yao, ameinua mikono, anaimba.

Baadaye alikuja kujua kwamba fundi alikuja kung'oa zile skrubu za kufuli la sebule mara tu yeye alipotoka nyumbani.

Meli iliwekwa mbele, kati ya mtama na majogoo. Mchungaji alishuka kutoka mimbarini kuitazama kwa karibu. Aligusa mlingoti mmoja kwa kidole.

"Wapendwa," alisema, "mzee wetu Chidawali amemtolea Bwana kazi ya mikono yake mwenyewe. Mama hapa ananiambia ameifanya kwa zaidi ya mwaka. Mzee, hebu simama kanisa likuone."

Nathanaeli alisimama. Kanisa zima lilimpigia makofi. Alimtazama mke wake, na Priska alimtazama bila kupepesa. Angeweza kusema kwamba ameibiwa. Lakini angesema hivyo mbele ya madhabahu, juu ya sadaka, kuhusu mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Alikaa.

Baada ya ibada mnada ulifanyika nje, kama kawaida. Ebenezer, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa, ndiye aliyeuuza. Mtama ulikwenda, majogoo wakaenda, zabibu zikagombaniwa. Ilipoletwa meli watu walicheka kwa furaha, mtu mmoja akataja bei ya mzaha, na Nathanaeli akapaza sauti na kutaja bei ya kweli.

"Mzee, hiyo si yako mwenyewe?" Ebenezer alishangaa. "Unanunua ulichotoa?"

"Kuna katazo?"

"Hakuna katazo."

Sauti nyingine ikapandisha bei, kutoka nyuma ya umati. Ilikuwa ya Cornel. Alikuwa amekuja kutoka Bahi na nguo za Jumapili, jicho lake limepona, linang'aa. Nathanaeli alipandisha. Cornel akapandisha. Mwanzoni watu walishangilia, wakidhani ni mashemeji wanataniana kwa faida ya kanisa. Polepole kelele zilipungua, kwa sababu nyuso za watu wale wawili hazikuwa za utani. Bei ilipita ya mbuzi. Ikapita ya vitu ambavyo havijawahi kuuzwa pale uwanjani. Kisha Cornel, ambaye fedha zake zilikuwa zimekwisha, akasema:

"Dume! Natoa dume la ng'ombe, zima, linakuja kwa miguu yake. Na mtu asilikague!"

Kicheko kilicholipuka kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kuku walipiga mabawa. Kila mtu pale aliijua habari ya msiba wa Bahi, au alielezwa hapo hapo na aliyekuwa karibu naye. Nathanaeli alisimama katikati ya kicheko kile. Fedha za kuendelea alikuwa nazo. Hakupandisha tena. Ebenezer alihesabu, akagonga meza, na meli ikawa ya Cornel.

Nyumbani Priska alikuwa ameshafika. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Meza ilikuwa imefutwa, imepakwa mafuta, na sahani mbili zilikuwa juu yake.

"Umeniibia," Nathanaeli alisema.

"Nimetoa sadaka kwa jina lako. Umepigiwa makofi. Tangu tuoane hujawahi kupigiwa makofi."

"Ulimwita Cornel."

"Nilimpigia simu, ndiyo. Nilimwambia kuna mnada."

"Kwa nini?"

"Kaa ule," Priska alisema, "au usile. Mimi nimechoka."

Hakula mezani pale siku hiyo wala siku zilizofuata. Alikula barazani, sahani mkononi.

Baada ya muda simu yake iliita, na likatokea jina la mtu ambaye hakuwahi kumpigia. Cornel hakusalimia. Alisema meli aliifunga juu ya magunia kwenye lori la Kanta, upepo na mashimo ya njiani vikaivunja milingoti, na tangu hapo imekaa stoo. "Kanisa limechukua dume langu," alisema, "mimi nimebaki na kuni. Njoo uitengeneze, au naichoma."

Nathanaeli angeweza kumwambia aichome. Aliwaza hivyo siku nzima. Kesho yake alitia gundi, uzi, wembe na lile koleo kwenye mfuko, akaenda Bahi, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mazishi.

Hakukaribishwa. Watoto waliokuwa uani walimwamkia shikamoo, mama yao akawaita ndani. Mke wa Cornel aliweka mkeka chini ya ukuta wa ghala na meli juu yake, akaondoka bila kumwangalia. Milingoti miwili ilikuwa imekatika, wa tatu umelala, na nyuzi zote zimekuwa fundo moja. Nathanaeli alikaa chini, akaanza kukata nyuzi. Cornel alileta kigoda, akakaa karibu yake akimtazama, mikono imekunjwa. Wanaume wawili watatu wa jirani walikuja, wakasimama, wakasema kitu kwa Kigogo kuhusu mafuta ya taa, wakacheka, wakaenda zao.

Alifanya kazi hadi kivuli cha ghala kikahama. Mwishowe Cornel alisema, "Huna la kuniambia?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua."

Nathanaeli alikuwa amekaza mlingoti wa pili kwa vidole viwili akisubiri gundi ishike. "Ng'ombe alikuwa mgonjwa," alisema.

"Najua alikuwa mgonjwa."

Nathanaeli aligeuza kichwa.

"Alikohoa mwezi mzima," Cornel alisema. "Nilimchinja nikijua. Nilikuwa na dume moja tu la kutosha kumzika mama yangu kwa heshima, na lilikuwa hilo. Nikasema, atakuja shemeji, anajua mambo haya, atanivuta pembeni aniambie, Cornel, hapa pabaya, toa hiki, chemsha sana kile, au sema ng'ombe amekufa vibaya tutafute mbuzi. Ungeniambia pembeni. Mimi nilikuwa nakusubiri uniambie." Sauti yake ilikatika, akakohoa kuificha. "Wewe ukanivua nguo mbele ya maiti ya mama."

Gundi ilikuwa imeshika. Nathanaeli hakuachia mlingoti.

"Sheria haina pembeni," alisema.

Hata yeye alisikia jinsi neno hilo lilivyotoka. Cornel alimtazama kwa macho yote mawili, akainuka, akachukua kigoda chake.

"Ukimaliza huo uondoke," alisema. "Wa tatu uache ulivyo."

Nathanaeli aliumaliza, akauacha wa tatu umelala. Alikusanya vifaa vyake. Hakupewa hata maji. Bodaboda ilimfikisha barabarani, na kutoka hapo alipata usafiri hadi mjini, koo limekauka, vumbi la mpunga wa ghala la Cornel kwenye suruali.

Priska alikuwa sebuleni anapanga vikombe mezani. Ilikuwa siku ya umoja wa wanawake. Nathanaeli alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, mfuko wake miguuni.

"Ameniambia alijua," alisema. "Cornel. Alijua kwamba ng'ombe yule anaumwa."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua?"

"Tulijua wote," Priska alisema, akifuta kikombe kwa kitambaa. "Nani asiyejua ng'ombe anayekohoa? Hata marehemu mama alijua, alituambia kabla hajafa tusimchinje huyo."

"Sasa mbona mmenichukia miaka yote hii kwa kusema kitu mlichokijua?"

Priska aliweka kikombe juu ya kisahani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionekana kama anatafuta namna ya kumweleza jambo, akimtazama usoni kuona kama anaweza kuelewa. Kisha akaacha.

"Baba Erica, nyanyuka," alisema. "Wenzangu wameshafika getini, na kiti hicho nakihitaji."

Alinyanyuka. Alikibeba kiti mwenyewe, akakisogeza mezani, akakipanga sawa na vingine. Wanawake walikuwa wanaingia, wakimsalimia mmoja mmoja kwa adabu, naye akawaitikia mmoja mmoja, akiwa amesimama pembeni ya mlango wa nyumba yake, akiwapisha wapite.